Chumba Nyuma ya Tanuri

Jumatatu, 9 Desemba

Baridi kali. Maji ya kunawia yameganda tena kwenye beseni, nimeyavunja kwa kisigino cha kiatu. Chumba changu kiko pembe ya kaskazini na sidhani kama kuna upepo Moldova nzima ambao haujapita kwenye dirisha langu. Jiko langu la vigae linakula kuni mchana kutwa na kutoa joto la paka mmoja.

Lakini leo kuna habari! Baada ya chakula (maharage bila mafuta, ndiyo mfungo wa Noeli) Baba Mkuu Varsanufie alisimama na kusema kwamba magoti ya Baba Calinic yamekwisha. Hawezi tena ngazi za ghala. Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli atatajwa mtunza ghala mpya.

Mtunza ghala! Funguo zote kiunoni. Asali, jamu ya plamu, mapipa ya kabichi ya chumvi, tufaha kwenye majani makavu. Lakini si vitu hivyo ninavyovitamani, Mungu ni shahidi. Ninachotamani ni chumba. Mtunza ghala hulala nyuma ya tanuri la mkate. Ukuta wake mmoja ni tanuri lenyewe. Januari iliyopita, wakati sisi wengine tunalala na kofia, Baba Calinic alilalamika mezani kwamba anatoka jasho usiku. Alilalamika! Sijasahau.

Nani anafaa kuliko mimi? Kabla ya utawa niliuza misumari na bawaba katika duka moja la Bacău. Najua mizani. Najua panya. Nimekaa hapa miaka kumi na moja. Na bado, Baba Mkuu alipomaliza kusema, meza nzima iligeuka kumtazama Ghelasie.

Ghelasie akainamisha macho. Mimi nilikuwa nimeinamisha yangu kabla yake. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 10 Desemba

Lazima niandike kuhusu Ghelasie, la sivyo nitapasuka.

Alikuja miaka mitatu baada yangu. Alikuwa dereva wa tramu kule Galați, lakini humsikii akisimulia. Hasimulii chochote. Hiyo ndiyo mbinu yake. Anatembea akijibanza ukutani, anaosha vikombe visivyo vyake, na wageni wakija huulizana yule baba mpole yuko wapi. Kina mama wa kijijini wanamfumia soksi. Mwaka jana alipata jozi tano. Mimi nilifumiwa soksi moja. Ya pili, bibi alifariki kabla hajaianza. Nilimwombea kwa moyo wote, lakini mguu wangu wa kushoto ulibaki na baridi yake.

Nimewaza siku nzima na nimegundua jambo. Baba Mkuu huwapa kazi wale wanaozikimbia. Mtu akionyesha kuitaka, anaikosa. Kwa hiyo dawa ni kukimbia. Ila ukimbie pale anapoweza kukuona.

Mpango: theluji imeshuka hadi magotini. Kesho nitaamka kabla ubao wa sala haujagongwa, niizoe yote kutoka vyumbani hadi mlango wa kanisa. Kwa siri. Halafu siri igundulike. Wema wa siri ukigundulika unahesabiwa mara mbili, kila mtu anajua hilo.

Jumatano, 11 Desemba

Mgongo wangu! Lakini njia ilitoka safi, imenyooka, kingo zake nimezipigapiga kwa koleo mpaka zikawa kama ukuta wa plasta. Nilirudi kitandani nikajifanya ndiyo kwanza naamka.

Mezani Baba Mkuu alisema kuna mtu amesafisha njia na hataki kumjua ni nani, kwa sababu mtu huyo naye hataki kujulikana. Nikajiandaa kuona haya. Halafu nikaona macho yote yanaelekea upande mwingine.

“Si mimi, Baba Mkuu,” alisema Ghelasie.

Ikawa imethibitika! Nani mwingine angekana upesi hivyo? Baba Vichentie mpishi alitikisa kichwa kwa jinsi alivyoguswa. Baba Mkuu alitabasamu na kusema tusizidi kumwaibisha ndugu yetu. Nikajikohoza. Nikajishika kiuno na kuguna kwa maumivu, kwa sauti ya kutosha. Vichentie akaniuliza kama nimelalia upande mbaya.

Nikisema ni mimi, najisifu. Nikinyamaza, sifa ni za Ghelasie. Nimenaswa huku na huku.

Alhamisi, 12 Desemba

Theluji tena. Nimezoa tena. Lakini safari hii nimeacha alama: tasbihi yangu ya sufu, ile yenye shanga ya bluu ambayo monasteri nzima inajua ni yangu. Niliilaza katikati ya njia, mahali Baba Mkuu anapokanyaga kila asubuhi. Nikajificha nyuma ya rundo la kuni.

Nani akatokea wa kwanza? Ghelasie, nani mwingine. Akaiokota, akaipangusa theluji, akaibusu, akaitia mfukoni. Baba Mkuu akapita nyuma yake na kukuta njia tupu.

Baada ya sala Ghelasie alinivuta pembeni na kusema kwa sauti ya chini, “Baba Nifon, tasbihi yako. Kumbe ni wewe unayezoa theluji. Usiogope, sitamwambia mtu.”

Nilimwambia kwamba mtu mmoja au wawili wakijua haitadhuru. Hata Baba Mkuu mwenyewe, kwa mfano, haitadhuru. Akatikisa kichwa, akasema hawezi kuninyang'anya thawabu yangu mbinguni. Akaondoka, na thawabu yangu ya duniani akaondoka nayo.

Mtu hawezi kuwa mwema hivi bila hesabu. Kuna hesabu. Nitaijua tu.

Jumamosi, 14 Desemba

Sikuandika jana kwa sababu ya njaa.

Nimemchunguza Ghelasie mezani. Anakula nusu sahani, nyingine anamsogezea Baba Calinic. Kwa hiyo jana mimi nilikula robo. Vijiko vitano vya maharage na kipande cha ugali wa njano kisichozidi kiganja cha mtoto. Nikasukuma sahani mbele taratibu, ikwaruze meza, Baba Mkuu ainue kichwa. Hakuinua. Aliyeinua ni Vichentie.

Sikujua Vichentie ana moyo mwepesi hivyo. Alikuja mpaka kwenye benchi langu kuuliza maharage yake yana nini. Nikamwambia hayana kitu, ila mimi nimejinyima. Akauliza mbona Jumatatu sikujinyima nilipoomba kuongezwa. Akasema kama ni chumvi nimwambie usoni. Leo Jumamosi mfungo unaruhusu samaki. Kila mtu kapewa kipande cha katikati, chenye nyama. Mimi nimepewa kichwa. Kimeniangalia muda wote wa chakula.

Wakati huo Ghelasie alimega chake, akampa Calinic nusu, na Vichentie huyohuyo akamwongezea kipande kingine kwa nguvu. Yeye akijinyima anaongezwa! Mimi nikijinyima napewa kichwa!

Jumapili, 15 Desemba

Watu wengi kutoka kijijini. Mama Paraschiva alipanda kilima na fimbo yake na kapu la soksi. Zote za Ghelasie. Nilisimama mlangoni kabisa, nimevaa ile soksi yangu moja na nyingine ya dukani, nikiinua kanzu kidogo ili tofauti ionekane. Akanipita. Akaniuliza kama nimemwona Baba Ghelasie.

Roho iliniuma. Naandika wazi, hapa hakuna mwingine wa kusoma: nina wivu. Namwonea wivu soksi, namwonea wivu macho yake ya kuinama, namwonea wivu hata kikohozi chake, maana akikohoa yeye watu humletea chai.

Lakini uchungu hunoa akili. Nimepata mpango wa kweli!

Huko juu mlimani, mwendo wa nusu siku kwenye theluji, kuna Kijumba cha Juu. Anakaa Baba Teofan peke yake, mzee aliyekula chumvi nyingi, masikio yamekwisha, na huamini jiko huwashwa kwa kupika tu. Kila majira ya baridi Baba Mkuu huwaza nani akamsaidie na hakuna anayejitokeza. Basi mtu mwema kuliko wote si ndiye afaaye kukaa na mtakatifu?

Baada ya ibada ya jioni nikaenda kwa Baba Mkuu. Nikamsifu Ghelasie. Nilimsifu mpaka ulimi ukanikauka. Nikasema ghala ni mahali padogo mno kwa roho kama ile, ghala ni mambo ya vitunguu na panya. Kule juu, kwenye ukimya, ndiko kunakohitaji mtu mwema. Baba Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, ndevu zake zikitetemeka. Akanishika bega.

“Mwanangu Nifon,” alisema, “nilidhani una kijicho naye. Nisamehe.”

Nikamsamehe. Nilitoka pale naelea.

Jumatatu, 16 Desemba

Baba Mkuu alimwambia! Alimwambia kila kitu nilichosema!

Ghelasie alikuja chumbani kwangu mchana huu akilia. Akasujudu mpaka paji la uso likagusa mbao. Akasema hajawahi kusemewa mema hivyo na mtu yeyote, hata mama yake. Nilimwambia ainuke, sakafu ina baridi. Akainuka, akatoa jozi ya soksi za Mama Paraschiva, za kijivu zenye mistari miwili mieupe, akaziweka kitandani kwangu. Akasema mimi ndiye nastahili.

Nilikataa. Akasisitiza. Nikazichukua. Zinanienea barabara. Ni nzito, zinapanda mpaka chini ya goti, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nahisi vidole vyangu vyote kumi.

Nazichukia. Nimezivaa.

Kuhusu Kijumba cha Juu, hakusema kama anapelekwa. Nilimdodosa kidogo. Akasema popote atakapotumwa ataenda. Jibu gani hilo?

Jumatano, 18 Desemba

Nimeula! Nimeula! Ngoja nitulie niandike vizuri.

Leo nilipangiwa kumsaidia Baba Calinic kuchambua tufaha ghalani, mabovu huku, mazima huku. Nilikubali kwa unyenyekevu mkubwa kwa sababu nilitaka kukiona chumba. Mlango wake ulikuwa wazi. Kitanda, taswira ya Mtakatifu Nikolae, dirisha dogo lisilo na barafu hata chembe. Niliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto! Nilisimama pale na kiganja changu mpaka Calinic akauliza kama nasali.

Basi mzee akakaa kwenye gunia, akasugua magoti, akaniambia Baba Mkuu alimwomba ushauri. Na yeye kamtaja nani? Mimi! Akasema Ghelasie ni malaika, lakini malaika hawawekwi ghalani. Ombaomba mmoja akibisha hodi, Ghelasie humpa gunia na kuomba radhi kwamba si mawili. Kufika Februari tutakuwa tunakula majani ya kulalia tufaha. Lakini Nifon, alisema, Nifon ana mkono mgumu. Nifon hatoi hata msumari. Baba Mkuu amekubali.

Sikumbuki kama nimewahi kusifiwa vizuri zaidi.

Sasa limebaki jambo moja, na ni jambo la kufanya kwa adabu. Katika nyumba hii mtu hapokei kazi moja kwa moja kama anapokea mkate. Ukitajwa, unapiga magoti na kusema, sistahili, Baba Mkuu. Anakuambia tena. Unakataa tena. Mara ya tatu unakataa kwa sauti ndogo, anakuamuru, unambusu mkono, imekwisha. Ndivyo tulivyokuta. Calinic alikataa mara tatu. Inasemekana Baba Mkuu mwenyewe, siku alipochaguliwa, alijificha kwenye ghala la nyasi kavu na akatolewa kwa kuvutwa miguu. Na Ghelasie, alipopewa uongozi wa waimbaji, alikataa mara tatu kwa uzuri ambao watu wanausimulia hadi leo.

Mimi nitakataa mara nne. Na kwa machozi. Hapo ndipo watajua nani mnyenyekevu.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimefanya mazoezi zizini mbele ya ng'ombe. Magoti yako vizuri. Sauti iko vizuri, inakatika pale kwenye “sista” na kumalizikia “hili” kwa kunong'ona. Machozi hayaji. Nimefikiria kifo cha mama yangu, nimefikiria hata yule bibi wa soksi. Kavu. Nimechukua kitunguu jikoni Vichentie alipogeuka. Nitakiweka ndani ya mkono wa kanzu.

Jumamosi, 21 Desemba

Leo nimefanya jambo kubwa, nalisema mwenyewe. Nimempa Ghelasie kuni zangu zote.

Nimewaza hivi: chumba nyuma ya tanuri hakina jiko, hakihitaji. Kuni zangu zitanisaidia nini? Basi adhuhuri, Baba Mkuu akiwa uani anaongea na fundi wa paa, nikapakia mkokoteni wa theluji, nikauvuta polepole mbele yake mpaka mlangoni kwa Ghelasie. Vipande vya mwaloni, vikavu, vya majira yote ya baridi. Niliviangusha kimoja kimoja ili visikike. Ghelasie alisema hawezi kupokea. Nikamwambia mimi baridi sisikii.

Baba Mkuu aliona. Aliona kabisa! Fundi wa paa naye aliona.

Chumbani kwangu sasa kuna baridi ya kaburi, lakini ni leo tu. Nimefunga mizigo yangu: vitabu viwili, kanzu ya pili, blanketi, soksi. Nimepima kitanda cha Calinic kwa kamba. Nitalala kichwa kikielekea tanuri.

Jumapili, 22 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Baada ya chakula Baba Mkuu alisimama. Calinic alisimama naye, ameshika pete ya funguo. Nilikuwa nimesugua kitunguu tayari, labda nimekisugua mno, macho yalikuwa yanawaka.

“Baba Nifon,” alisema Baba Mkuu, “zichukue.”

Magotini! Kishindo kizuri. Sistahili, Baba Mkuu. Akasema tena. Nikakataa tena, machozi yakimiminika mpaka kwenye ndevu, na nikasikia Vichentie akivuta kamasi. Hata maharage alikuwa amenisamehe. Akasema mara ya tatu. Nikakataa kwa sauti ndogo, kama desturi inavyotaka, na Calinic akaanza kunyoosha mkono wenye funguo.

Hapo ndipo nilipomwona Ghelasie. Alikuwa ananitazama kwa upendo. Kwa upendo, jamani! Kama vile yeye ndiye ananipa! Nikasema moyoni, wewe ulikomea tatu, sasa tazama. Nikalaza uso sakafuni.

“Baba Mkuu, usinipe hii. Nipe kazi ya mwisho kabisa, ile ambayo hakuna anayeitaka. Mimi si kitu.”

Nilihesabu moyoni, sasa ataniamuru, sasa hivi, sasa hivi. Nikasikia Baba Mkuu akipumua.

“Miaka yote hii,” alisema, “nimesikia watu wakikataa mara tatu. Walikuwa wanataka. Mimi nilijua, na wao walijua kwamba najua. Leo kwa mara ya kwanza nimemwona mtu asiyetaka kweli. Na jana alitoa kuni zake zote. Sitamlazimisha.”

Nilifungua mdomo kusema nitajaribu, kwa ajili ya utii nitajaribu! Ukali wa kitunguu ulikuwa umenishuka kooni. Nikakohoa, nikakwama, nikakohoa tena. Wote walidhani nalia kwa furaha. Watu wawili waliniinua na kunikumbatia.

Akamwita Ghelasie. Tumaini likanirudia. Huyu atakataa, nikasema, atakataa vizuri kuliko mimi, na Baba Mkuu atamwamini naye, na funguo zitarudi huku! Nikafuta macho nione.

“Ndiyo, Baba Mkuu,” alisema Ghelasie. “Nibariki.”

Mara moja! Hakukataa hata mara moja! Na mnadhani walimwona mlafi? Meza nzima ilishusha pumzi. Utii gani huu, walinong'ona. Calinic akamvisha zile funguo kiunoni akitikisa kichwa.

Halafu Baba Mkuu akanigeukia. Akasema kazi ya mwisho kabisa, ambayo hakuna anayeitaka, ipo. Akasema mimi mwenyewe nilimweleza kwa maneno mazuri kwamba kule juu kunahitaji mtu mwema.

Jumanne, 24 Desemba

Kijumba cha Juu. Chumba kimoja, vitanda viwili vya mbao, kuta za magogo. Kati ya gogo na gogo kuna nyasi kavu, na kati ya nyasi na nyasi kuna nje.

Ghelasie alinisindikiza mpaka hapa, akivuta mkokoteni. Amenirudishia kuni zangu zote, na zake juu. Kwa hiyo kule chini habari ni kwamba Ghelasie amempa Nifon kuni. Nilimshukuru, ningefanya nini? Alipoinama kuniaga, funguo zilimlia kiunoni. Alikuwa ananukia mkate.

Baba Teofan alifurahi sana kuziona kuni. Amezipanga vizuri ukutani nje na kusema zitatutosha hadi Noeli ya mwaka ujao. Jiko tuliliwasha kwa kuchemsha viazi, likazimwa.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimeanza kuzoea. Si baridi, baridi haizoeleki. Nimeanza kuzoea kumchunguza Baba Teofan.

Mzee huyu ana mbinu! Kila asubuhi anasimama mlangoni na makombo kiganjani na vindege vinatua mkononi mwake, vingine kwenye kofia. Wakata miti wanaopita huvua kofia zao na kusimama kumtazama. Juzi mmoja wao alimletea jibini na mayai ya sikukuu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, hata salamu sikupata. Jana nikasimama na makombo pia, mengi kuliko yake, yenye mafuta. Nikasimama mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuna hata kindege kimoja. Kimoja kilitua kwenye bega la Teofan na kunitazama.

Lakini hayo si kitu. Leo kuna habari kubwa!

Muda si mrefu uliopita alifika Vichentie na mkokoteni, amechoka hoi, masharubu yamejaa barafu. Alileta mkate na ujumbe wa Baba Mkuu. Ghelasie amekuwa mtunza ghala siku hizi chache tu na nusu ya unga imekwenda kijijini. Pipa moja la asali pia. Jana alimpa mwombaji mizani yenyewe. Calinic amelala kwa presha. Na Ghelasie, kwa hiari yake, ameomba Nifon ashuke, kwa kuwa kazi hii haiwezi, na yeye apande huku kwa Baba Teofan. Baba Mkuu amekubali, ila anasema hatanilazimisha. Anauliza tu. Nikikubali, nishuke na Vichentie leo hii. Chumba kimeshafagiliwa.

Chumba! Ukuta wa moto! Nilikuwa karibu nimbusu Vichentie masharubu na barafu yake.

Lakini nikajizuia kwa wakati. Nikafikiria: Vichentie ana mdomo, atasimulia mezani neno kwa neno. Mimi ndiye yule mtu asiyetaka kweli. Nikirukia funguo kama mbwa anarukia mfupa, watasema nini? Baba Mkuu atasema nini? Na Ghelasie, yeye si atanitazama tena kwa yale macho yake? Adabu lazima iwepo. Si mara nne, nimejifunza. Tatu za kawaida tu.

Basi nikainamisha macho, nikasema, “Sistahili.”

Vichentie alishika kamba ya mkokoteni. Akasema Baba Mkuu alimwambia kwamba hilo ndilo jibu nitakalotoa, na akamkataza asinisumbue kwa swali la pili. Akaniomba nimwombee. Akageuza mkokoteni.

Naandika nikiwa nimekaa mlangoni. Namwona pale chini, kwenye miti ya misonobari, anateremka taratibu. Hajageuka nyuma bado. Ni mtu wa kuchelewa kufikiri, Vichentie, lakini anazijua desturi za nyumba, na anajua amebakiza mara mbili.

Baba Teofan ananionyesha kwa mkono nifunge mlango, baridi inaingia. Nimemwonyesha asubiri kidogo. Naitwa sasa hivi.